Kumkumbuka mwalimu wetu wa mikoko: tupande vipi isife?

MwanaTudor
Assalaam aleikum. Mzee wetu, mtafiti wa mikoko, ametangulia mbele ya haki. Vijana wa mtaa aliwafundisha kutambua aina za mikoko, yaani mkoko wenyewe, mchu na mkandaa, kwa jani na mzizi, na Ijumaa jioni hakushika kazi yoyote: ilikuwa ya mkewe na wajukuu. Hitma ya arubaini itasomwa nyumbani. Baadaye familia na wanafunzi wake wataka kupanda mikoko 200 kwenye mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, iwe sadaka jaria yake. Ameacha pia madaftari ya vipimo. Tuanzie wapi?

Mchu Mkongwe
Poleni sana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Anzeni na maji kabla ya mche. Mikoko mingi ya ukumbusho hufa kwa sababu imepandwa kwenye tope tupu la chini, palipo na nafasi. Pale mche hufunikwa na maji saa nyingi mno, mzizi ukakosa hewa. Mahali pasipowahi kuota mkoko pana sababu yake, iulizieni kwanza. Pandeni juu ya usawa wa kati wa bahari, chini ya alama ya maji kujaa. Mlilana, aina nyingine ya mikoko, hukaa mbele kabisa upande wa bahari, mkoko hufuata, mkandaa nyuma. Mchu utauona mbele na hata ukingoni mwa nchi kavu.

Ruhusa ombeni ofisi ya KFS, Shirika la Huduma za Misitu Kenya, maana mikoko ni msitu wa serikali. Na wavuvi wa hapo waulizeni vyombo vyao hupita wapi.

Bi Kitalu
Kwa mikoko 200 chukueni eneo la mita 10 kwa 20, mche na mche mita 1. Kusanyeni mbegu 260 hivi za mkoko wenyewe, zile ndefu, za akiba zizibe mapengo. Iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapokutana na tunda, na ukiizungusha kidogo huachia yenyewe. Isiyo na pete iacheni mtini. Kisha igeuzeni mwangani: ukiona kitundu kama cha sindano chenye ungaunga, mdudu yumo ndani, itupeni.

Ziwekeni kivulini kwenye gunia bichi, zipandwe ndani ya siku chache. Ncha iliyochongoka iende chini, theluthi moja izame. Tope likiwa gumu tobweni kwanza kwa kijiti; mkisukuma kwa nguvu ganda la ncha huchubuka na mbegu huoza. Nyosheni kamba yenye fundo kila mita. Watu 20, kila mmoja miche 10, wapande wakirudi nyuma wasije wakaikanyaga.

Siku nzuri ni bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) linapokwisha, maji mafu, yasiyojaa sana, yanaanza, mbegu zipate siku kadhaa za kushika.

Daftari la Pwani
Bamba na misumari msipigilie mtini. Ukumbusho wa mtu wa vipimo ni kuendelea kupima. Kila mche wa kumi uwekeeni kijiti chenye namba. Mwezi wa 1, 3, 6 na 12 andikeni kimo, idadi ya majani, na kwa uliokufa andikeni sababu: umeng'olewa, umeliwa na kaa, au umefunikwa na mchanga. Plastiki ziondoeni baada ya kila bamvua, hulaza miche michanga.

Madaftari yapigeni picha kila ukurasa kwa mpangilio, hata majalada na kurasa tupu. Msilinganishe unene wa miti kabla ya kujua alipimia wapi: miti mingine hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, lakini mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Na mkikuta kurasa za Mwache, mkono mwingine wa bahari hapo Mombasa, za 1997 na 1998 zimejaa neno "kavu", msidhani amekosea. Mvua za El Niño zilishusha udongo mwingi ukafukia mizizi ya kupumulia, mikoko ikafa. Kurasa hizo ni hazina.

MwanaTudor
Ahsanteni mno. Arubaini imeangukia bamvua lenyewe. Na wajukuu wataka kuhesabu wao.

Bi Kitalu
Hitma ibaki siku yake, kupanda kusubiri siku nne tano. Wajukuu waende wawili pamoja na mtu mzima, maji yakiwa yanakupwa. Mmoja asome namba, mwingine aandike kwa penseli. Wino hutoka karatasi ikirowa.