Mikataba ya muda mfupi: inaongeza tija ya kampuni au inaila? Tujadili

Wadau, kuna hoja inayorudiwa sana na mameneja: mpe mtu mkataba wa miezi sita atajituma, mpe ajira ya kudumu atabweteka. Mimi naipinga, ila nianze na upande wake ulio kweli.

Mwaka 2005 ulitoka utafiti wa Uswisi ulioonyesha kwamba wenye mikataba ya muda walielekea zaidi kufanya saa za ziada bila malipo kuliko wenzao wa kudumu. Mwaka huohuo wachumi Andrea Ichino na Regina Riphahn walichapisha matokeo yao kutoka benki moja kubwa ya Italia: wafanyakazi walipomaliza wiki 12 za matazamio na kupata ulinzi wa ajira, utoro kazini uliongezeka. Kwa hiyo hofu ya kupoteza kazi inamsukuma mtu, hilo halina ubishi.

Lakini tija haipimwi kwa mtu kukaa kazini mpaka usiku. Inapimwa kwa kile kinachotoka katika kila saa, na ubora wake. Hapo ndipo mkataba mfupi unapoanza kuigharimu kampuni.

Gary Becker, mchumi wa Marekani, alieleza mwaka 1964 tofauti ya ujuzi wa aina mbili: ule unaokufaa popote uendapo, na ule unaofaa katika kampuni moja tu. Huu wa pili ndio unaoendesha kazi kila siku. Fundi anayeitambua mashine kwa mlio kabla haijaharibika. Mtu wa mauzo anayejua mteja gani hulalamika kwanza halafu hununua. Mtunza ghala anayejua kwamba hesabu za mfumo na za rafu hutofautiana kila mwisho wa mwezi, na anajua sababu. Sasa niambieni, mtu ambaye mkataba wake unaisha baada ya wiki nane ajifunze hayo kwa faida gani? Muda wake ni afadhali autumie kutafuta kazi nyingine, nami simlaumu. Mwajiri naye hafundishi, maana atamfundishaje anayeondoka? Kila mmoja anapiga hesabu sahihi kwa upande wake, na kampuni inabaki na watu ambao daima ni wageni.

Tazameni Uhispania. Sheria ya 1984 ililegeza masharti ya mikataba ya muda, na kwa miaka mingi baadaye takriban theluthi moja ya waajiriwa wote walikuwa na mikataba ya aina hiyo. Mgogoro wa kiuchumi wa 2008 ulipofika, hao ndio walioondolewa kwanza, kwa mamia ya maelfu, na ujuzi wao ukaondoka nao. Mageuzi ya mwishoni mwa 2021 yalibana mikataba hiyo, na sehemu yake ikashuka chini ya asilimia 20.

Msimamo wangu: kazi ya msimu ipewe mkataba wa msimu. Kazi iliyopo mwaka mzima, mwaka baada ya mwaka, ipewe mkataba wa kudumu. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kulipa mishahara mwezi ambao oda hazikuja. Nikipata kazi ya miezi mitatu nahitaji watu wa miezi mitatu. Ukinilazimisha niwaajiri kwa kudumu, sitawaajiri kabisa. Nitawabana niliokuwa nao wafanye kazi ya watu wawili. Hapo tija iko wapi?

Tena sheria za kubana huleta yake. Korea Kusini iliweka ukomo wa miaka miwili kwa mikataba ya muda mwaka 2007. Japani kuanzia 2013 ikampa mfanyakazi haki ya kuomba mkataba usio na ukomo akipitisha miaka mitano. Waajiri wengine walifanya nini? Waliwaacha watu kabla siku haijafika. Mtu mzuri, anayeijua kazi, anaondoshwa kwa sababu ya kalenda.

Mleta mada

Kuhusu oda za miezi mitatu hatupingani, nimesema kazi ya msimu ina mkataba wake. Mimi nazungumzia mtu anayeongezewa miezi sita kwa mara ya saba kwenye kiti kilekile. Huyo si wa kujaribiwa tena, umeshamjua.

Hoja ya Japani na Korea ni nzito. Wachumi Olivier Blanchard na Augustin Landier waliandika mwaka 2002 kuhusu Ufaransa kwamba pengo la ulinzi kati ya mikataba hii miwili likiwa kubwa, kampuni huona heri kuzungusha watu wapya kuliko kumthibitisha aliyepo. Dawa basi ni kulipunguza pengo lenyewe: haki na fidia zikue polepole kadiri mtu anavyokaa, pasiwe na siku moja ambayo mwajiri anaiogopa.

Mchangiaji wa pili

Nafanya kazi rasilimali watu. Kinachosahaulika hapa ni wale wa kudumu. Kila kundi jipya likiingia, wao ndio wanaoacha kazi zao kulielekeza, kisha wanarekebisha makosa yake. Saa hizo hazina mstari wake kwenye bajeti, ila akiba ya mishahara inaonekana waziwazi, kwa hiyo kwenye kikao mkataba mfupi hushinda kila mara.

Ningependa kuwasikia waliowahi kuhamisha kikosi kizima kutoka mikataba mifupi kwenda ya kudumu. Makosa ya kazi yalipungua au yalibaki palepale? Na utoro je?