T-34 kwenye theluji: nyeupe inabanduka ganda zima, na theluji yenyewe nitumie nini?

Fundi_Umoja
Salaam wadau. Niko na modeli ya plastiki ya kifaru cha Kisovieti, T-34/76 ya 1942, kipimo 1/35, ile yenye mnara wa mzinga wa pembe sita na vifuniko viwili vya duara. Nataka iwe ya Stalingrad, baridi ya 1942-43. Kijani cha 4BO, ile rangi ya kawaida ya vifaru vya Kisovieti, kimekaa vizuri, tabu ni nyeupe ya juu. Nafuata njia ya spreyi ya nywele, kisha akriliki nyeupe, kisha maji na brashi ili nyeupe ichubuke kama imechakaa. Kwenye kipande cha majaribio, upande mmoja nyeupe inatoka ganda zima. Upande wa pili unasugua mpaka kijani kinachubuka na nyeupe haijasonga. La pili ni theluji. Kila mtu anasema beking soda. Ni sawa? Na vifaa gani napata hapa Nairobi bila kungoja mzigo wa nje?

Kompresa_Kimya
Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Ganda zima linatokana na nyeupe nzito, au spreyi ya nywele iliyotuama, au rangi yenyewe. Rangi za Vallejo hukauka zikawa utando. Maji yakiingia chini, utando unavutika kama plasta ya kidonda. Za Tamiya hukatika chembechembe, na hicho ndicho unachotaka. Kugoma kutoka kunaletwa zaidi na thina. Ukitumia thina kali, ile ya rangi ya magari, inapenya spreyi na nyeupe inashikana na kijani moja kwa moja. XF-2, nyeupe ya Tamiya, ichanganye na maji matupu.

Utaratibu: 4BO ikishakauka vizuri, pitisha vanishi ya nusu mng'aro uiache saa 24. Hiyo ndiyo itakayolinda kijani wakati wa kusugua. Spreyi ya nywele pasi mbili nyepesi, kopo likiwa sentimita 25 hivi kutoka kwenye modeli, kila pasi ikauke dakika 10. Nyeupe ni rangi sehemu moja kwa maji sehemu moja, presha ya brashi ya hewa psi 15, pasi mbili au tatu nyembamba mpaka kijani kionekane kwa mbali tu. Usitumie nyeupe tupu, inameza rivet na weldi zote. Tone moja la XF-57, rangi ya mchanga ya Tamiya, kwa kila matone 15 linatosha kuivunja ukali.

Subiri dakika 15 hadi 20, si zaidi. Maji yawe ya uvuguvugu. Lowesha eneo la upana wa vidole viwili, tulia nusu dakika, halafu gusagusa na brashi ya nywele fupi ngumu. Mikwaruzo midogo ni ya kijiti cha meno. Usiku ukipita nyeupe imeshashika, utasugua hadi plastiki. Kwa hiyo mnara na bodi vipigwe mbalimbali, kimoja kimalizike kabisa ndipo uanze kingine. Stima ikipotea katikati ya bodi, angalau mnara hauko hatarini.

Ukimaliza, vanishi ya kufunga ipige kwanza kama vumbi, pasi kavu. Ile spreyi ya chini bado inayeyuka kwa maji, na vanishi ya maji ikipigwa chepechepe inaamsha kila kitu.

DadaPoda
Kompresa amemaliza upande wa rangi. Mimi naona watu wengi wanakosea *mahali* pa kutoa nyeupe. Wanasugua kingo zote sawasawa, na kifaru kinatoka kama kimeng'atwa na panya pande zote.

Fikiria nani anapanda na wapi. Nyeupe halisi ilikuwa chokaa ya kujifichia kwenye theluji, ilipakwa vitani kwa mkono, kwa brashi pana au hata ufagio, kwa hiyo tangu mwanzo haikuwa sawa: mistari ya wima ubavuni, sehemu nyepesi chini ya mnara ambako mkono haufiki. Mara nyingi waliizungusha namba ya kifaru bila kuifunika, ikabaki na kiraka cha kijani nyuma yake. Kiache hicho, kinasema mengi kuliko mikwaruzo mia.

Kisha buti. Dereva anaingia kwa kifuniko cha mbele upande wa kushoto, kwa hiyo bamba la mbele linachakaa kwenye kifuniko hicho na chini yake, si kulia. Na usisahau askari wa miguu wa Kisovieti, walipanda nyuma ya mnara wakishika vishikio vya chuma. Vishikio viwe karibu kijani tupu, na bodi iliyo chini yake ichubuke kwa kwenda chini, kufuata visigino. Nyuma kuna injini ya dizeli. Wavu wa kutolea hewa na lile eneo la juu yake lina joto, theluji mpya haikai hapo. Weka unyevu, yaani vanishi ya kung'aa kidogo, na theluji ianze pembeni. Ekzosi mbili za bamba la nyuma zipate masizi meusi yanayosambaa juu ya nyeupe. Poda kavu, usitumie rangi.

Minyororo: tafadhali, si rangi ya chungwa. Pingili ya chuma inayotembea kila siku ni kahawia iliyokoza kuelekea kijivu, na meno yanayopita katikati ya magurudumu yanang'aa. Penseli ya 6B inatosha. Kama seti yako ina magurudumu ya chuma yasiyo na mpira, ukingo wa kila gurudumu nao ung'ae, kwa sababu unasaga mnyororo moja kwa moja. Na tapentaini ya hardware, ukiitumia kuyeyusha rangi ya uchafu, isituame kwenye mikono ya magurudumu. Plastiki iliyo na mkazo hapo inapasuka, mara nyingi siku moja baadaye wakati unadhani umemaliza. Kausha kila dimbwi kwa kijiti cha pamba.

Msasa400
Naingia kwa theluji. Beking soda: kwa picha ya wiki hii, sawa. Kwa kitu kitakachokaa rafuni, hapana. Inavuta unyevu, na Nairobi mvua za Machi hadi Mei zitaipata tu. Inaganda vipele, na pamoja na gundi inageuka manjano. Chokaa ya kupaka ukuta nayo iache, inachoma ngozi.

Tafuta unga mweupe wa kalsiamu kaboneti ule wanaojazia rangi, au saga chaki ya ubaoni uipitishe kwenye chujio la chai. Changanya unga sehemu mbili, gundi nyeupe ya mbao sehemu moja, akriliki nyeupe nusu sehemu, maji kidogo kidogo mpaka inyanyuke kwa kisu bila kudondoka. Ile akriliki ndiyo inayozuia kugeuka kijivu ikikauka. Paka, halafu kabla haijakauka nyunyizia unga mkavu juu kwa chujio. Hiyo ya juu ndiyo jicho linasoma kama theluji; mchanganyiko wenyewe peke yake unafanana na plasta ya ukuta.

Kipimo: sentimita 10 za theluji halisi ni milimita 3 kwenye 1/35. Watu huweka milimita 10 halafu wanashangaa kwa nini kifaru kinaonekana kimezama. Alama za minyororo bonyeza na pingili za ziada ukiwa umetandaza plastiki nyembamba ya kufungia chakula ili zisinase. Mnyororo wa T-34 ni milimita 500, kwa hiyo njia yako iwe na upana wa milimita 14 na kidogo. Ndani ya alama theluji inashikamana na kuchafuka udongo; nyeupe safi hapo ni kosa la wazi.

Vifaa: praima na karatasi za msasa ni Kirinyaga Road kwa watu wa rangi za magari, lakini praima ya gari jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ya plastiki inayoshika sehemu za modeli. Povu jeupe la msingi ni bure, linakuja na TV. Spreyi za kopo na gundi ya papo hapo zinalila, basi lifunike kwanza na gundi ya mbao.

Fundi_Umoja
Asanteni sana. Swali moja: vanishi isiyong'aa wakati wa mvua, ile inayoacha ukungu mweupe. Kwenye kifaru cheupe inajalisha?

DadaPoda
Inajalisha, ndugu. Kwenye nyeupe hutauona ukungu, lakini kijani kilichobaki kitafifia, na ndicho kinachobeba kazi yote. Piga wakati hewa ni kavu, mchana, pasi nyembamba. Ikishatokea, pasi moja ya vanishi ya kung'aa mara nyingi inauondoa ukungu. Kisha rudia ile isiyong'aa siku yenye jua.

Kompresa_Kimya
Na ifanywe kabla ya theluji ya Msasa kuwekwa. Vanishi ikipita juu ya ule unga mkavu, unalowa na kulala bapa.