Jiko la peleti moto haushuki, na waliouza wanasema eti peleti zangu zina unyevu

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika, na naanika mambo hapa kwa sababu kwa simu hatusikilizani.

Nina jiko la peleti la nyumbani (peleti ni vile vipande vidogo vya maranda yaliyoshindiliwa), yale ya feni chini na swichi ya kuzungusha pembeni. Hapa Umoja, Nairobi, majirani walianza kuyanunua gesi ilipopanda. Mnakumbuka VAT ya asilimia 16 iliporudishwa kwenye gesi Julai 2021. Ilipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022 na kuondolewa 2023, lakini kufikia hapo watu walikuwa wameshazoea peleti. Makaa nayo yalitushinda tangu ile marufuku ya kukata miti ya 2018. Mimi nilichelewa kuhama, nikanunua langu mwaka huu, na waranti ya mwaka mmoja bado iko hai. Hilo mlishike, maana ndipo ugomvi ulipo.

Tatizo lenyewe: moto umekwama juu. Nikizungusha swichi kwenda kidogo, nikirudisha kubwa, ni kulekule. Feni inanguruma kasi ya mwisho tangu nawasha hadi nazima. Chapati inaungua nje kabla ndani haijaiva. Wali siwezi kuupalilia. Hata maziwa ya mtoto lazima nisimame juu yake kama askari jela.

Kwa wasioyajua haya majiko: unajaza peleti kwenye chemba, usipite matundu ya juu, kisha unawasha kutoka juu. Hewa ya chini inapita katikati ya peleti, joto linazitoa gesi, na hewa inayoingia kwa matundu ya juu ndiyo inayoziunguza hizo gesi. Hewa yote hiyo inatoka kwa feni moja. Hakuna kipima joto popote ndani. Kasi ya feni ndiyo joto lako, basi. Feni ikikataa kupungua, huna jiko, una tanuri la mhunzi.

Na hasara haiishii kwenye chapati. Peleti za kupikia githeri sasa hazifikishi hata nusu ya safari. Tena gesi zikiisha yanabaki makaa kwenye chemba, na hapo kitabu chao wenyewe kinasema punguza feni. Nipunguze na nini? Makaa yanapulizwa mpaka yanakuwa meupe, na ukuta wa chemba umeshaanza kujikunja upande mmoja. Hiyo chemba nayo nitaambiwa niinunue, mtaona.

Sasa sikieni majibu ya huduma kwa wateja.

Kijana wa kwanza: "Mama, peleti zako zimeshika unyevu." Nikamwambia mwanangu, peleti yenye unyevu hutoa moshi na moto dhaifu. Imewahi kuonekana wapi kuni mbichi ikawaka kupita kiasi? Hata hivyo nilizikagua. Peleti nzuri ukiivunja inakatika kwa mlio, na ukiitia kwenye glasi ya maji inazama kwanza ndipo inavimba na kusambaratika. Zangu zinalia zikivunjika na zinazama. Ni zilezile nimetumia tangu mwanzo, gunia liko juu ya stuli, mbali na sakafu.

Wa pili akaja na jiografia. Eti Nairobi iko juu sana, jiko linasumbuliwa na hewa. Ni kweli tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yetu yanachemka kwa nyuzi kama 94 badala ya 100. Lakini hewa nyepesi ina oksijeni kidogo, kwa hiyo ingeupunguza moto. Mimi nalia moto umezidi! Tena jiko hili limeuzwa Nairobi, kwa watu wa Nairobi. Kama halikutengenezewa mwinuko huu, mbona hamkusema mkipokea pesa?

Mwingine akasema sufuria yangu ni nyembamba. Huyo nilimkatia simu.

Aliyenitibua kabisa ni yule aliyeniambia nichomoe feni moto ukishakolea, nimalizie kupika na makaa. Ndani ya nyumba! Jiko la aina hii likikosa feni linafuka moshi, na makaa yanayoungua bila hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi hapa Nairobi tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Halafu mtu anayelipwa mshahara kuhudumia wateja ananipa hiyo kama suluhisho. Angekuwa mbele yangu siku hiyo tungekosana vibaya.

Nikamwita jirani, fundi wa redio na ampu pale Luthuli, ule mtaa wa vifaa vya umeme mjini. Kabla mtu hajaleta habari ya "umefungua jiko, waranti imekufa": tulifungua kifuniko cha betri tu, ambacho kitabu kinaruhusu mteja kukifungua, na bodi ya umeme inayoongoza feni iko papo hapo. Hatukuchomelea wala kung'oa kitu.

Alianza na betri. Iko sawa, na kwa vyovyote betri dhaifu ingefanya feni iende polepole. Akahamia kwenye swichi ya kuzungusha, ambayo kumbe ni voliumu ya kawaida kama ya redio. Akachomoa plagi yake, akaweka mita kwenye omu, akazungusha taratibu. Namba zilipanda na kushuka bila kuruka. Voliumu iliyokufa ingeruka au kukatika njiani. Kwa hiyo swichi inatuma amri vizuri, kuna mtu hapokei. Akairudisha, akapima volti zinazofika kwenye feni: swichi ikiwa chini kabisa au juu kabisa, feni inapata volti zote za betri. Mwisho akatoa betri, akachomoa feni, akagusa miguu ya ile transista inayoiendesha, yaani kile kipande kidogo kinachopunguza au kuongeza umeme wa feni. Mita ikalia, maana yake umeme unapita. Akageuza waya, ikalia tena. Transista nzima inazuia upande mmoja. Hii imeungana ndani, imekuwa kipande cha waya. Feni imefungwa kwenye betri moja kwa moja na swichi imebaki pambo.

Hiyo kazi yote iliisha kabla chai haijapoa. Wao, wenye karakana na sare, hawakuwahi hata kuniuliza feni inasikikaje.

Fundi akanionyesha mambo mawili zaidi. Kwenye njia ya feni hakuna daiodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya kumeza ule umeme unaorudi nyuma feni inapokatiwa. Kitu cha shilingi chache mno, wamekiruka. Halafu bodi imekaa chini ya chemba bila hata bati la kuzuia joto. Feni ikizunguka, hewa inaipoza. Ukizima feni na makaa bado mekundu, joto lote linateremka kwenye bodi. Na kitabu kinasemaje? Ukimaliza kupika, zima. Kwa hiyo mteja mtiifu ndiye anayeichoma bodi yake mapema kuliko mkaidi.

Nikawatumia picha na video ya mita kwa WhatsApp. Tiki za buluu, kimya. Baadaye: leta jiko karakana, utalipia uchunguzi. Nilipie uchunguzi wa kitu kilicho kwenye waranti, na ambacho nimeshawachunguzia? Nikaomba basi waniuzie bodi peke yake. Haiuzwi. Inauzwa sehemu yote ya chini pamoja na feni, betri na mfuniko, kwa bei inayokaribia nusu ya jiko jipya. Kosa ni transista moja!

Na msiniambie niende Luthuli nibandike nyingine. Najua inawezekana, na jirani yuko tayari. Lakini siku chuma cha kuchomelea kikigusa ile bodi, watapata kisingizio walichokuwa wanakitafuta, na chemba iliyojikunja itakuwa juu yangu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kuna pia Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Nimeandika barua, nimeambatanisha risiti, na nakala inakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani, ambayo hupokea malalamiko ya wateja. Nataka bodi mpya, yenye daiodi, na chemba mpya. Bure.

Kwa sasa nainua sufuria kwa vipande vitatu vya nondo ili iwe mbali na moto. Inasaidia kidogo kwa wali. Kwa chapati, sahau.

Ninachoomba kwenu: kama una jiko la feni la aina hii, fungua kifuniko cha betri utazame karibu na plagi ya feni. Je, kuna daiodi? Na ile transista nyeusi ya miguu mitatu, namba yake inasomeka? Yangu imekwanguliwa kwa makusudi, unaona kabisa mikwaruzo. Weka picha hapa, na useme feni yako bado inatii swichi au imeasi. Tukiwa wengi wenye ugonjwa huohuo, barua ya pili tutaandika pamoja.