Mrejesho: Jokofu la gari lililokuwa likizimika njiani

Swali langu lilihusu jokofu la volti 12 lililokuwa likizimika kila alasiri katika Barabara ya Oodnadatta, Australia Kusini, ilhali betri ilikuwa na chaji ya kutosha. Nawashukuru mlionishauri nipime umeme kwenye plagi ya jokofu wakati kompresa (pampu inayolipoza) inafanya kazi, kwa sababu jibu lilipatikana hapo hapo: betri ilionyesha volti 12.5, lakini zilizofika kwenye jokofu zilikuwa 11.2 tu, nalo likajizima kwa kudhani kwamba betri inakwisha.

Waya wa kiwandani unaokwenda kwenye soketi ya nyuma ni mwembamba na mrefu, hivyo volti hupotea njiani, na soketi yenyewe, kwa mtikisiko wa vile vituta vidogo visivyokwisha vya barabara hiyo, ilikuwa imelegea na kupata joto hadi plastiki yake ikaanza kuyeyuka upande mmoja. Fundi umeme wa magari wa Port Augusta alivuta waya mpya wa milimita 6 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, na mwisho akafunga plagi inayojibana. Fundi wa kwanza alikuwa ametaka kuongeza gesi ya kupoza ya jokofu bila kupima chochote, jambo ambalo bado linanishangaza.

Feni ya jokofu nayo ilikuwa imezibwa na vumbi jekundu. Brashi laini ilitosha. Sasa jokofu linashikilia nyuzi 3 hata adhuhuri, ingawa kompresa hupumzika kwa nadra joto la nje likipita nyuzi 40.