Sensa ya inkubeta: waifai, bluetooth au ya laini ya simu?

kuku_moro: Wakuu habari za jioni. Nina inkubeta (mashine ya kutotolesha) ya mayai 528, bodi yake ni bati, ipo stoo nyuma ya nyumba. Nimeweka sensa ya waifai ndani ili nione joto na unyevu nikiwa kazini, ila kila usiku inapotea kwenye simu, asubuhi inarudi, halafu inasoma unyevu 44 wakati kipimo cha mashine kinasema 58, sasa nimuamini nani? Nataka ninunue nyingine, nichukue ipi? Mayai yana siku 9.

fundi_joto: Mkuu usinunue kwanza. Hayo ni matatizo mawili, kupotea ni mtandao na kusoma tofauti ni sensa yenyewe, ukiyachanganya utanunua mpya na yatabaki yale yale. Bati linazuia mawimbi, kwa hiyo kama sensa yako ina waya boksi likae nje, kichwa tu kipite tundu la hewa. Rauta nayo iangalie, hizi sensa nyingi zinashika waifai ya mawimbi ya 2.4GHz peke yake.

mama_vifaranga: Mimi nina ya bluetooth mwaka wa tatu huu, haitaki rauta wala bando, inatunza kumbukumbu yenyewe na ukisogea karibu simu inavuta. Ila haikuamshi ndugu yangu. Umeme ulikatika saa nane usiku mayai yana siku ya 19, nimekuja kuona grafu asubuhi joto lilishashuka hadi 29, iliniuma sana.

saketi_tu: Ndo maana mi nasema ya laini. Inatuma meseji hata rauta ikizima, bora ukumbuke kuiwekea salio na iwe na betri yake. Na uliza ndani kuna chipu gani ya kupimia, DHT11 inaweza kukosea digrii 2, kwenye mashine inayotakiwa 37.5 hiyo ni hasara tupu. DHT22 ni kama nusu digrii, SHT31 iko vizuri zaidi.

kuku_moro: Yangu wameandika SHT31. Nitajuaje kama haidanganyi unyevu?

fundi_joto: Chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji iwe kama uji mzito isiyeyuke yote, weka kwenye kopo pamoja na sensa bila kugusana, funga kabisa, acha masaa kama 12 hapo sebuleni. Lazima isome karibu na 75. Ya mashine USIITOE, mara nyingi joto na unyevu viko kichwa kimoja, ikihisi ubaridi wa nje itawasha hita mpaka ipike mayai.

kuku_moro: Nimerudi wakuu. Imesoma 74! Kumbe kipimo cha mashine ndo kinaongopa, nimekaa siku zote hizi najua nina 58 kumbe mayai yanakauka. Nimeongeza trei ya maji.

fundi_joto: Safi. Iache kwenye 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, baada ya hapo pandisha 65 hadi 70. Na kupotea usiku je?

kuku_moro: Mama watoto alikuwa anachomoa rauta akienda kulala, anaogopa radi, tumeongea yameisha. Hii ya waifai naibakiza, ila nimeelewa hoja ya umeme, mwisho wa mwezi naongeza ya laini. @saketi_tu betri yake inakaa muda gani umeme ukikatika?

saketi_tu: Yangu inavuka usiku mzima. Ijaribu mchana kwanza, chomoa umeme uone kama meseji inakuja.