Huyu babu Dick Campbell wa Uskoti ni nani hasa?

MwanaLikoni:
Asalaam aleikum wadau. Mimi nafunza timu ya mtaa huku Likoni, vijana wangu wengine makanga wa matatu wengine vibarua bandarini, mazoezi ni jioni tu na ukipata watu kumi na mmoja ushukuru. Sasa juzi nimeona klipu ya babu mmoja wa Uskoti ana kofia ya kizee anafoka pembeni mwa uwanja, ati Dick Campbell, watu wamsifu si mchezo na mimi hata zile klabu kubwa za huko, Celtic na Rangers, sizijui. Kafanya nini?

Babu_Tudor:
Yakhe huyo ni wa 1953, maisha yake karibu yote ni ligi za chini. Kacheza Cowdenbeath na Brechin City, timu ambazo hata waskoti wengine hawazifuatilii, halafu ukocha. Brechin aliwapandisha daraja mara mbili mfululizo, 2002 na 2003, na huo uwanja wao upande mmoja una ua wa miti badala ya jukwaa 😂 Kisha Partick Thistle, akaja Forfar akakaa miaka, 2016 akachukua Arbroath ikiwa ligi ya nne kabisa. 2017 mabingwa, 2019 mabingwa tena, wakawa daraja la pili. Na kwa miaka mingi alikuwa na pacha wake Ian kama msaidizi.

Shekhe_Kandanda:
Umeruka utamu wenyewe bwana. Msimu wa 2021-22 Arbroath walikuwa ndio timu ya pekee daraja lile ambayo wachezaji wake wana kazi zao, winga wao Bobby Linn alikuwa akizoa taka za mtaani wallahi, mazoezi jioni mara mbili kwa wiki, na wakamaliza wa pili nyuma ya Kilmarnock kwa pointi 2 tu!! Mechi yenyewe ya kuamua ubingwa ilikuwa Aprili kwa Kilmarnock, Arbroath wakatangulia kufunga, wakaja kupigwa 2-1 dakika za mwisho. Mchujo wa kupanda daraja nao wakatolewa na Inverness kwa penalti. Uwanja wao Gayfield uko ufuoni hasa, bahari ikichafuka mawimbi yapiga mpaka ukutani, mgeni akipiga mpira juu upepo wamrudishia.

Kisauni_Mjuaji:
Tusidanganyane jamani. Hao wa jioni bado wanalipwa na klabu, ratiba inafuatwa, refa anafika, si kama sisi wa mtaani. Na huyo mzee si malaika, Partick walimtimua 2007, klabu ya Ross County kakaa miezi tu, Arbroath yenyewe wakaachana Novemba 2023 mambo yameharibika na msimu huo wakashuka.

Babu_Tudor:
Kufukuzwa ndio kazi ya ukocha hiyo, nani hajafukuzwa. Cha kutazama ni kuwa Brechin, Forfar na Arbroath zote ziko jimbo moja, Angus, si mbali kama watu wanavyofikiri. Kwa hivyo kila kijana wa eneo lile anamjua, anajua nani katemwa wapi, nani ana hamu ya kucheza na hataki mengi. Hiyo haihitaji pesa, yahitaji kukaa pale pale miaka.

MwanaLikoni:
Ahsanteni wazee. Kukaa naweza, shida yangu ni pacha sina, msaidizi wangu akiona wingu tu haji uwanjani. Kuna mtu wa Mtongwe au Shelly aliyewahi kudaka na ana jioni mbili? Makipa wangu wanadaka kama wanapokea sahani ya pilau.