Launji za kasino za Las Vegas miaka ya 1950: ziliendeshwaje hasa?

Kaunta_Ndogo
Wakuu, salaam. Kuna chumba cha mita 9 kwa 7 ndani ya hoteli, na mwenye mali anataka launji ya mtindo wa kasino za Las Vegas za miaka ya 1950: bendi ndogo, kokteli, taa hafifu. Kamari haimo. Mapazia mekundu yapo kwenye kila picha, hayo siyo shida. Shida ni kujua zile launji ziliendeshwaje, na kama watu 50 wataenea.

TarumbetaKavu
Mkuu, tenganisha vitu viwili. Ukumbi mkubwa, kama Copa Room ya hoteli ya Sands, ulikuwa wa chakula cha jioni na onyesho la saa maalumu. Launji ilikuwa pembeni ya meza za kamari, haina kiingilio. Ukinunua kinywaji umeshailipia bendi. Kazi yake ilikuwa kumchelewesha mcheza kamari asiende kulala, ndiyo maana muziki ulinoga pale kumbi kubwa zinapomaliza. Bendi ya Mary Kaye Trio pale hoteli ya Last Frontier walipiga mpaka majogoo. Louis Prima na Keely Smith, walioingia hoteli ya Sahara mwishoni mwa 1954, walipanda jukwaani mara tano kwa usiku mmoja.

Wale wawili ndio wa kuwasoma. Prima anaruka na tarumbeta yake, Sam Butera anaikoromesha saksafoni, na Keely, mwimbaji mwenzake, kasimama kama nguzo, hana hata tabasamu, macho kayatupa juu ya vichwa vya watu. Kichekesho chote kipo kwenye uso ule, na aliyekaa mbali hauoni. Hapo ndipo chumba kidogo kinaposhinda ukumbi.

(Enzi ile msiipambe mno. Mpaka Machi 1960 nyingi ya hoteli zile zilimpa mwanamuziki mweusi jukwaa, zikamnyima chumba.)

FundiSpika
50 hawaenei. Una mita za mraba 63. Toa jukwaa la 3 kwa 2.5, toa kama 12 za kaunta na njia ya wahudumu, zinabaki 43 na ushee. Kila mteja mpe 1.2: watu 36.

Jukwaa sentimita 30 basi. Likipanda zaidi, mwimbaji anawaangalia watu utosini. Weka zulia, na pazia zito nyuma ya bendi.

Kosa la kila siku ni hili: dramu zinapigwa kwa fimbo, mwimbaji anamezwa, maiki inapandishwa, nayo inaanza kupiga mluzi kwa sababu dari ni fupi na spika zimewekwa nyuma yake. Mpe mpiga dramu brashi, sogeza spika mbele ya maiki, kisha kaa meza ya pili. Ukilazimika kupaza sauti ili jirani akusikie, punguza.

Taa ya mezani iwe chini ya usawa wa macho, la sivyo wawili wanaotazamana wanaumizana.

BarafuKavu
Upande wa kaunta, kokteli ya Manhattan ndiyo mtihani. Wiski ya rai (nafaka ya rye) mililita 60, vermuti tamu 30, Angostura (kiungo kichungu cha matone) mitikisiko miwili ya chupa. Koroga na barafu nusu dakika, chuja kwenye glasi iliyotoka kwenye friji. Ukitikisa, kinatoka na ukungu. Barafu iwe ya vipande vikubwa. Iliyoanza kuyeyuka ndooni inaingiza maji kabla haijapoza kitu.

Vermuti ni mvinyo! Ikifunguliwa ikae frijini, iishe ndani ya mwezi hivi. Watu wanaiacha rafuni mwaka mzima halafu wanailaumu wiski.

Glasi ya mililita 150. Kinywaji pamoja na maji ya barafu ni kama 120, ukikimimina kwenye glasi ya 300 mteja anajiona kapunjwa. Na FundiSpika kasahau kelele yetu: wimbo wa polepole ukianza, hakuna kutikisa kokteli. Blenda ikae jikoni.

Kaunta_Ndogo
Shukrani sana. Bendi moja inatosha?

TarumbetaKavu
Kwa saa mbili, ndiyo. Kwa usiku mzima chukua vikundi viwili vipokezane kila dakika 45, na mpiga kinanda wa kikundi kinachoingia akae kwenye kiti kabla wenzake hawajashuka. Kukiwa kimya dakika kumi, wateja wanaomba bili.